Mkubwa wa cheo akikuhubiria: mwongozo kwa askari wa kwetu aliye katika jeshi la Marekani

Ijumaa jioni mmejipanga mstari, kila mtu anangoja kuachiliwa aende zake. Sajini wa platuni anamalizia maneno ya usalama ya kila wikiendi: msiendeshe gari mkiwa mmelewa, msigombane na wake zenu, mkipata shida nipigieni simu hata saa 9 za usiku. Kisha anavua kofia. "Tuinamishe vichwa." Anaomba dakika 3 nzima, anafunga kwa jina la Yesu, na kabla hajawaachilia anaongeza kwamba Jumapili kuna kujifunza Biblia nyumbani kwake, nyama ya kuchoma itakuwepo, na angefurahi kuwaona wote.

Mwenzako aliyezaliwa Ohio anajua papo hapo kwamba kuna jambo limepita. Wewe uliyetoka Voi, Tanga au Goma huoni kitu. Kwetu kikao cha chama hufunguliwa kwa maombi, kikao cha harusi vilevile, na mtu mzima akisema "tuombe", anayebaki ameinua uso ndiye asiye na adabu. Mimi, mtoto wa mzee wa kanisa, nilikaa miaka 2 katika kikosi cha namna hiyo nikidhani ni ukarimu mtupu. Aliyenifumbua macho ni kijana wa Kisomali tuliyelala naye chumba kimoja. Aliniuliza hivi: "Wewe huenda kila Jumapili. Mimi siendi. Lindo la sikukuu mwaka huu limepigwa na nani mara 3?"

Sikuwa na jibu. Mwongozo huu umetokana na swali lake, na wote umesimama juu ya jambo moja: kofia huvuliwa, cheo hakivuliwi. Mtu anayekuandikia tathmini, anayekupangia zamu na kukusainia likizo, akifungua kinywa kuhubiri, cheo kinahubiri pamoja naye, apende asipende.

Mimi si wakili. Ni sajini mstaafu niliyekaa pande zote mbili za meza hii, na upande wa pili nitaueleza mwishoni, maana huo ndio unaoniuma.

Kwanza, jua mstari umepita wapi

Watu wengi hupeleka malalamiko yakagonga mwamba kwa sababu walilalamikia kitu kinachoruhusiwa. Mkubwa wako hakuacha dini yake langoni. Anaweza kuvaa msalaba shingoni ndani ya sare, kuweka Biblia au msahafu mezani kwake, kusali kabla ya chakula chake, kwenda kanisani siku zote, na ukimuuliza anaamini nini, akakujibu. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yana pande mbili: serikali isisimamishe dini, na isimzuie mtu kufuata yake. Mkubwa wako ni serikali na ni mtu kwa wakati mmoja. Ugumu wote unatoka hapo.

Waraka wa Idara ya Ulinzi wenye namba 1300.17, uliotolewa upya Septemba 2020, unasema askari ana haki ya kufuata dini yake au kutofuata dini yoyote. Maneno hayo ya mwisho yakariri. Unasema pia kwamba imani ya mtu isitumiwe kumnyima cheo, masomo, mafunzo au kituo cha kazi. Jeshi la Anga lilikwenda mbali zaidi: kanuni zake za mwenendo za mwaka 2012 ziliwaambia viongozi wa ngazi zote wasitumie vyeo vyao kuipigia debe dini fulani mbele ya walio chini yao, na zilipoandikwa upya mwaka 2014 zikataja wenye imani na wasio na imani kwa pamoja.

Jeshi la Anga halikuamka tu asubuhi moja likaandika hayo. Chuo chake cha maafisa kilichoko Colorado Springs kilikuwa kimeingia katika kashfa mwaka 2004 na 2005. Timu ya wataalamu kutoka chuo cha dini cha Yale iliripoti kuwa wakati wa mafunzo ya mwanzo kasisi mmoja aliwahimiza makadeti warudi kwenye mahema yao wakawaambie wenzao kwamba asiyezaliwa mara ya pili ataungua jehanamu. Kocha wa futiboli ya Kimarekani alitundika katika chumba cha wachezaji bango la "Timu ya Yesu Kristo". Uchunguzi ulioongozwa na Luteni Jenerali Roger Brady ulitoka Juni 2005. Ulisema haukukuta ubaguzi wa wazi wa kidini, ila ulikuta viongozi wasiojua mstari uko wapi. Yaani watu wazima wenye nyota mabegani, na hawakujua. Basi usimdhanie sajini wako ubaya haraka. Wengi wao hawajui kweli.

La kuhudhuria ibada kwa lazima lilimalizwa zamani zaidi. Mwaka 1972, katika kesi ya Anderson dhidi ya Laird, mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kuwa vyuo vya kijeshi haviwezi kuwalazimisha wanafunzi kwenda kanisani au sinagogi Jumapili. Hoja ya jeshi ilikuwa kwamba kamanda wa baadaye anahitaji kuzoea ibada ili awaelewe askari wake. Haikupita.

Ukitaka kupima jambo lililokupata, jiulize maswali haya kabla ya kulala:

- Lilitokea saa za kazi, au mahali ambapo nisingeweza kuondoka bila ruhusa?
- Aliyesema anaandika tathmini yangu, ananipangia zamu, au ana sauti katika cheo changu kijacho?
- Je, wanaokwenda wanapata kitu ambacho sisi tusiokwenda hatupati, hata kama ni kulala saa moja zaidi?
- Nilikwisha kusema hapana, naye akarudia?

Ukiitikia mawili, una jambo la kuandika. Ukiitikia la tatu, una jambo zito. Mwaka 2010 askari wa Fort Eustis, Virginia, walisema kwamba waliokataa kwenda kwenye tamasha la muziki wa Kikristo walifungiwa bwenini na kuambiwa wafanye usafi, na jeshi likalazimika kulichunguza. Wenzangu mliopita mafunzo ya mwanzo mnacheka hapo. Jumapili asubuhi kule, asiyekwenda ibadani anabaki na ufagio mkononi. Mimi nimeona kurutu mmoja akiwa Mkatoliki wiki ya kwanza, Mbudha wiki ya pili kwa sababu ukumbi wao ulikuwa na kiyoyozi, na Mlutheri wiki ya tatu kwa ajili ya biskuti. Kwa kurutu ni utani. Katika kikosi cha kudumu, ambako huyo mkubwa utakuwa naye miaka 3, utani umekwisha.

Kuna eneo la kijivu pia, na ukilijua utajiokoa kuaibika. Kasisi wa jeshi (neno hili nalitumia kwa wote: padri, mchungaji, imamu, rabi) analipwa kuendesha ibada, na kuhubiri ndani ya ibada yake ni kazi yake halali. Dua fupi katika sherehe ya kukabidhiana uongozi ni desturi ya muda mrefu. Huko simama wima, nyamaza, na uso wako uuache utakavyo. Sijawahi kuona mtu akipata ushindi kwa kulalamikia dua ya dakika moja kwenye gwaride.

Mlangoni: uliza kama ni amri au ni mwaliko

Hili ndilo ningemwachia mdogo wangu kama ningepewa nafasi ya kumwachia moja tu. Mkubwa akisema "Jumapili nawategemea wote", mfuate akiwa peke yake, usimkabili mbele ya watu, umuulize kwa upole: "Sajini, naomba nielewe vizuri. Hiyo ya Jumapili ni amri au ni mwaliko?"

Utayasema kwa Kiingereza, bila shaka, na utayasema ukiwa umesimama kama askari. Lakini angalia swali hilo linafanya nini. Halimshitaki. Halitaji dini yako. Linampa nafasi ya kutokea bila kuaibika, na karibu kila mara atajibu kwamba ni mwaliko tu. Hapo unajibu: "Asante kwa kunikumbuka, Sajini. Sitakuja." Usiongeze sababu. Sisi tuna ugonjwa wa kutoa udhuru: shangazi amefika, mtoto anaumwa, gari limeharibika. Ukitoa udhuru wa gari, Jumapili ijayo atakuja kukuchukua na gari lake.

Akisema ni amri, usibishane naye hapo hapo. Amri katika jeshi la Marekani huchukuliwa kuwa halali mpaka jaji aseme vinginevyo, na anayeivunja anaivunja kwa hatari yake mwenyewe. Muulize: "Naomba amri hiyo kwa maandishi." Hata ujumbe wa simu unatosha. Kisha mtafute mwanasheria wa jeshi kabla ya Jumapili. Ukikosa muda kabisa, nenda, kaa kimya, usisali, usiimbe, na ukitoka andika kila kitu. Hutakuwa umekana imani yako kwa kukaa kwenye kiti. Utakuwa umepata ushahidi.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu ya kesi ya Sterling. Askari wa cheo cha chini wa kikosi cha Marine alibandika kwenye meza yake ya kazi huko Camp Lejeune, North Carolina, maneno yanayotokana na Isaya 54:17, ile aya ya silaha isiyofanikiwa, ambayo kwetu iko kwenye kila matatu ya pili. Mkubwa wake alimwamuru aziondoe karatasi hizo. Akakataa. Zikaondolewa, akabandika nyingine. Aliposhitakiwa, pamoja na makosa mengine ya utovu wa nidhamu, alifukuzwa jeshini kwa rekodi mbaya. Mahakama ya rufaa ya majeshi iliithibitisha hukumu hiyo Agosti 2016, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza mwaka 2017. Jambo mojawapo lililomwangusha ni kwamba hakuwa amemweleza mkubwa wake kuwa karatasi zile ni za dini, wala hakuwa ameomba kibali kwa njia iliyowekwa. Ungeweza kuwa na haki mbinguni na duniani, lakini jeshini kuna fomu. Tii kwanza ikiwa amri haikutendeshi dhambi wala jinai, omba baadaye, lalamika kwa maandishi.

Andika, na uandike siku hiyo hiyo

Daftari dogo la shilingi chache, lisiwe simu ya kazi wala kompyuta ya jeshi. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, maneno yenyewe kadiri unavyoyakumbuka, na kilichofuata. Hicho kilichofuata ndicho watu husahau, na ndicho chenye uzito. "Alituombea" ni malalamiko mepesi. "Alituombea tarehe 6, nilisema siji tarehe 7, orodha ya lindo ilibadilishwa tarehe 9, jina langu likaingia mahali pa mwingine" ni kitu ambacho mchunguzi anaweza kukifuata kwa karatasi.

Mfano wa maandishi yangu mwenyewe, nimeondoa majina:

"Jumanne, saa 11 na robo jioni, karakana ya magari. Sajini S. alinizuia nilipokuwa natoka. Akasema: nimesikia hukuja tena, ninaomba kwa ajili yako, lakini siwezi kumsukuma mbele mtu asiyejua anasimama wapi na Mungu. Walisikia: wawili, mmoja alikuwa chini ya gari. Alhamisi nimeambiwa nafasi yangu ya kozi amepewa mwingine. Sababu haikutolewa."

Tunza pia nakala za tathmini zako za zamani na karatasi za ushauri (fomu 4856). Mtu aliyesifiwa miaka 2 mfululizo kisha akaporomoka ghafla baada ya kukataa mwaliko, karatasi zake zinamsemea. Suala la kurekodi sauti kwa siri liache. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, na unaweza kujikuta mshitakiwa wewe.

Chagua mlango

Milango ni mingi na haifanani. Kosa la kawaida ni kubisha mlango wa siri nusu ukidhani ni wa siri kamili.

Kasisi wa jeshi ndiye ninayemtaja kwanza, hata kwa askari asiyeamini chochote. Unayomwambia kama kasisi hayatoki bila ridhaa yako, na sheria za ushahidi za mahakama za kijeshi zinayalinda katika kanuni ya 503. Hana mamlaka ya kuamuru, lakini ana sikio la kamanda, na ushauri kuhusu mambo ya dini kikosini ndiyo kazi yake rasmi. Kasisi mzuri, hata kama ni mlokole kuliko sajini wako, hapendi kuona mtu mwingine akiendesha kanisa la kulazimisha katika kombania yake. Nilimwona mmoja, Mbaptisti wa Georgia, akilimaliza jambo la namna hii kwa kikombe cha kahawa. Mwombe tu akuambie mwanzoni kwamba mazungumzo ni ya siri.

Ngazi za uongozi: sajini mkuu wa kombania, kisha kamanda wa kombania. Kila kamanda ana utaratibu wa kupokea askari anayetaka kumwona, na huwezi kuzuiwa. Hapa hakuna siri, ila ndipo mambo huisha haraka. Ikiwa kamanda mwenyewe ndiye mhubiri, ruka.

Ofisi ya fursa sawa, inayojulikana kwa herufi EO, hupokea malalamiko ya ubaguzi, dini ikiwemo. Unaweza kulalamika kwa njia isiyo rasmi au rasmi. Katika Jeshi la Nchi Kavu njia rasmi hupitia fomu 7279, na kanuni ya uongozi ya jeshi hilo, AR 600-20, imeweka siku 60 tangu tukio. Siku 60 huisha upesi ukiwa kwenye mazoezi ya msituni, basi usingoje hasira ipoe.

Mkaguzi mkuu, yaani IG, ana ofisi karibu kila kambi kubwa. Fomu yake ni 1559. Anafaa zaidi pale ambapo tatizo ni mkubwa kutumia madaraka vibaya, au pale kisasi kimeanza. Hutunza jina lako kadiri awezavyo. Usisikie "kadiri awezavyo" ukaelewa "daima".

Kifungu cha 138 cha sheria za kijeshi ni silaha ambayo askari wa chini wengi hawaijui. Ikiwa aliyekukosea ni kamanda wako, unamwandikia yeye kwanza ukiomba arekebishe. Akikataa, unapeleka malalamiko yako juu yake, na lazima yafike kwa jenerali mwenye mamlaka ya kuitisha mahakama ya kijeshi. Katika Jeshi la Nchi Kavu una siku 90 tangu ulipolijua kosa. Barua hiyo usiiandike peke yako. Ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi itakusaidia bure, na kama umekwisha kushitakiwa kwa lolote, nenda moja kwa moja kwa mawakili wa utetezi, ambao hawako chini ya kamanda wako.

Mbunge au seneta wa eneo lako. Barua yake ikifika kikosini, kila mtu anakunja mikono ya shati. Ndiyo maana uitumie milango mingine kwanza, isipokuwa una haraka ya kweli. Huhitaji kuwa raia ili kumwandikia.

Nje ya jeshi yapo mashirika ya kutetea, la kujulikana zaidi likiwa Military Religious Freedom Foundation, lililoanzishwa na Mikey Weinstein, mhitimu wa chuo kile kile cha Colorado Springs, baada ya kashfa ya 2005. Wanapiga kelele sana, na kelele zao hufanya kazi. Lakini wakishaingia, jambo lako linaweza kuwa habari ya kitaifa. Wengi wa wanaowaendea, kwa maelezo ya shirika lenyewe, ni Wakristo, kwa hiyo usidhani ni mahali pa wasioamini tu.

Jambo la kuzingatia sasa hivi: upepo umebadilika. Tangu Mei 2025 Waziri wa Ulinzi Pete Hegseth ameendesha ibada za Kikristo za kila mwezi Pentagon, zikitangazwa kuwa za hiari, na tarehe 30 Septemba 2025, akiwa kambini Quantico, Virginia, alitangaza kubadili taratibu za IG na EO akizilaumu kwa malalamiko ya ovyo na yasiyo na jina. Usisome hayo kana kwamba Katiba imefutwa. Hakuna kilichompa sajini wako ruhusa ya kukurundikia zamu kwa sababu hukuja kusali. Ila kabla ya kujaza fomu yoyote niliyoitaja, hakikisha tarehe ya kanuni inayotumika leo. Na malalamiko yako yawe na jina, tarehe na shahidi, maana barua isiyo na jina sasa ina miguu mifupi.

Kisasi, na ile hofu ya makaratasi

Sheria ya kuwalinda watoa taarifa jeshini, kifungu cha 1034 cha juzuu ya 10, inakataza mtu kukuadhibu kwa kuzungumza na IG au mjumbe wa Kongresi, na inakataza hata kukuzuia usizungumze nao. Tathmini mbaya ya ghafla, kuhamishwa bila sababu, kunyimwa kozi: vyote huhesabika. Una mwaka 1 tangu ulipogundua kisasi kupeleka malalamiko hayo, na ni malalamiko ya peke yake, tofauti na yale ya kwanza.

Lakini najua kinachowafunga midomo wengi wetu, na si tathmini. Ni uraia. Askari mwenye kadi ya kijani anahitaji fomu N-426, ya kuthibitisha kwamba anatumikia kwa heshima, na fomu hiyo husainiwa na jeshi. Mtu anawaza: nikimuudhi mkubwa, karatasi yangu italala kwenye droo. Nimesikia hofu hiyo kwa Kikinga, kwa Kikamba na kwa Kiswahili cha Bukavu. Basi jua kwamba sahihi ya N-426 si zawadi ya sajini wala hisani ya kamanda mcha Mungu. Ni kuthibitisha rekodi iliyopo. Ikiwezekana imalize mapema, kabla hujahitaji kugombana na mtu. Ikichelewa bila sababu baada ya kulalamika, hilo nalo liandike kwenye daftari na ulipeleke kwa IG.

Ukipelekwa nje

Pengine Kiswahili chako ndicho kitakachokupeleka Camp Lemonnier, Djibouti, au Manda Bay kule Lamu. Kila kamandi ina amri yake ya jumla, isome siku unayofika. Ile ya kamandi ya Mashariki ya Kati imekataza waziwazi kuhubiri ili kubadili watu dini, kwa dini yoyote. Mwaka 2009 ilijulikana kuwa Biblia za Kidari na Kipashto zilizotumwa Bagram, Afghanistan, zilinyang'anywa na kuteketezwa na jeshi lenyewe, kwa hofu ya wenyeji kuona kwamba askari wamekuja kuwabatiza. Mwaka uliofuata ikagundulika kuwa darubini za bunduki zilikuwa na namba za aya za Agano Jipya zilizochongwa na kiwanda, nazo zikalazimika kuondolewa. Wewe unayezungumza na mzee wa Lamu kwa lugha yake, akikuuliza dini yako, mjibu kwa kifupi na umuulize habari za bahari.

Ikiwa mkubwa ni wewe

Nilipopandishwa nikapewa askari 9, nilikuwa nimeshasahau swali la Msomali. Kanisa letu la Kiswahili mjini lilikuwa na pilau baada ya ibada, na vijana wangu walikula vibaya bwenini. Niliwaalika kwa moyo mweupe. Mmoja wao, kijana wa Kinepali, alikuja miezi 4 mfululizo. Alikaa nyuma, hakuelewa neno, alisimama tukisimama. Nilijisifu kwa mke wangu kwamba huyu anakaribia.

Siku anahama kituo alikuja kunikabidhi vifaa. Akaniambia, bila hasira, kwamba anafurahi sasa Jumapili zake zitarudi, kwa sababu alikuwa na kaka yake umbali wa saa 2 ambaye hakuwa amemwona tangu Krismasi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Wewe ndiye uliyekuwa ukipeleka jina langu kwenye bodi ya vyeo, Sajini."

Kwa hiyo, wewe mwenye mistari mkononi, hasa ndugu yangu uliyeokoka na una mzigo wa roho za watu, fanya hivi. Usialike mtu yeyote unayemwandikia tathmini, hata mara moja, hata kwa utani. Ukiulizwa unaamini nini, jibu swali lililoulizwa, kisha nyamaza; asipouliza la pili, limekwisha. Maombi ya kikosi mwachie kasisi. Ukitaka kusali kabla ya safari ya hatari, sali, lakini sema "anayetaka dakika moja ya kimya anayo", usiseme "tuinamishe vichwa". Usivae sare kwenye tangazo au video ya huduma yoyote: mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa Idara ya Ulinzi aliwakuta na makosa maafisa kadhaa, majenerali wakiwemo, kwa kuonekana na sare katika video ya shirika la kidini iliyopigwa Pentagon. Askari wa Kiadventista akiomba Jumamosi, au wa Kiislamu akiomba ratiba ya Ramadhani, mpelekee ombi lake juu siku hiyo hiyo kwa njia ya 1300.17, kwa haraka ile ile ambayo ungempelekea mtu wa kanisa lako.

Na kama unataka vijana wako wajue mahali pa kuabudu, mwombe kasisi orodha ya ibada zote za kambi: misa, Ijumaa, Sabato, sinagogi, Wabudha, na kikundi cha wasioamini kama kipo. Ibandike ubaoni karibu na ratiba ya lindo, bila kuzungushia yako kalamu, na orodha ya lindo iandike kwa kufuata herufi za majina.